Kuumia Wakati wa Kushuka: Chanzo cha Majeraha katika Mji wa Moshi

(Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya huduma ya kwanza kwa waongoza watalii, wapagazi na madereva wa bodaboda, Moshi)



Moshi ni mji unaoishi kwa miguu na kwa magurudumu mawili. Kabla jua halijapanda, magari ya kampuni za utalii yanapakia mahema na mitungi ya gesi, wakimbiaji wamekwisha kwenda na kurudi barabara ya Mweka, na bodaboda wanashusha wanafunzi, wauguzi na mikungu ya ndizi kutoka Kibosho na Uru. Mji wa namna hii una majeraha yake. Kazi yangu ni kuwarudishia watu magoti, vifundo na mabega baada ya daktari kumaliza sehemu yake, na kwa miaka yote ya kazi hiyo nimezoea kumuuliza mgonjwa swali moja kabla ya kumgusa: ulikuwa unapanda au unashuka? Jibu ninalolipata mara nyingi ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Tunajiandaa kwa kupanda. Mtalii anafanya mazoezi ya kupanda, anaulizwa kama ana nguvu za kufika kilele cha Uhuru, anaambiwa pole pole tangu lango la kwanza. Bodaboda anapima pikipiki yake kwa jinsi inavyovuta mlimani. Mkimbiaji anauogopa mlima wa Mweka. Halafu kazi ikigeuka kuwa ya kurudi chini, kila mtu anashusha pumzi na kuona mambo yamekwisha. Watafiti wa ajali katika milima ya Alps walishaona zamani kwamba watembeaji huanguka zaidi wakishuka kuliko wakipanda. Sisi tunaoishi chini ya mlima mrefu kuliko yote Afrika tulipaswa kulifanya jambo hili kuwa somo la kwanza la kila mafunzo. Bado hatujafanya hivyo.

Tazameni njia yenyewe. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Lango la Mweka, ambako wageni wa njia za Machame, Lemosho, Shira na Umbwe hutokea, liko karibu mita 1,640. Urefu ambao mgeni aliupanda kwa siku nne, tano au sita, anaushuka kwa siku moja na nusu. Ameamka usiku wa manane kambini Barafu, kama alipata usingizi hata kidogo. Amepanda saa sita au saba gizani kwenye baridi kali, mahali ambapo kila pumzi inampa karibu nusu tu ya oksijeni ambayo angeipata Tanga au Bagamoyo. Amefika, amepiga picha, amelia kwa furaha. Sasa anatakiwa kushuka kwenye changarawe inayoserereka hadi Barafu, apumzike kidogo, ale, kisha aendelee hadi Mweka Camp kwenye mita 3,100 hivi. Anafika huko akiwa amekesha na kutembea zaidi ya saa kumi na mbili. Kesho yake asubuhi anaingia msituni kwenye ngazi za magogo, mizizi na utelezi.

Mwili una sababu zake za kushindwa hapo. Unapopanda, misuli ya paja hujikunja na kuusukuma mwili juu. Unapoteremka, misuli ileile hufanya kazi ya breki: inajikaza huku ikivutwa na kurefuka. Kazi ya namna hiyo huchana nyuzi za misuli kwa wingi zaidi, ingawa moyo na mapafu havilalamiki. Kwa hiyo mtu hajisikii kuchoka. Anaongea, anacheka, pumzi inazidi kuwa nyepesi kwa kila mita anayoshuka, na hapo ndipo goti linapokataa kumshika. Mguu unatua kwa kishindo, kifundo kinageuka kwenye mzizi, mkono unatangulia kuzuia anguko na kiwiko au kifundo cha mkono kinavunjika. Vidole vya miguu navyo vinagonga ncha ya buti kila hatua hadi kucha zinakuwa nyeusi, na mwenye vidole vinavyouma huanza kukanyaga vibaya, akauhamishia mzigo goti na nyonga.

Wagumu, yaani wapagazi, wana shida yao tofauti, na ningependa tukae hapa kidogo kwa sababu hawa ndio ninaowahurumia zaidi. Mgeni anashuka na mkoba wa maji na koti. Mgumu anashuka na mzigo wa kampuni ambao kanuni za hifadhi zinauwekea ukomo wa kilo 20, na juu ya huo ana vitu vyake mwenyewe. Anaubeba kichwani au mabegani, hivyo haoni vizuri pale anapokanyaga. Viatu vyake mara nyingi ni vya mitumba, soli imelika. Na anakimbia. Sijawahi kukutana na mgumu aliyeniambia anakimbia kwa sababu anapenda. Anakimbia ili afike langoni kabla ya wageni, awahi gari la kwanza, awahi bahashishi kugawanywa akiwapo, na awahi kuonekana ofisini jina lake liingie kwenye safari inayofuata. Haraka hiyo imetengenezwa na utaratibu wetu wa kazi, na utaratibu unaweza kubadilishwa. Kampuni ikitangaza kwamba gari haliondoki Mweka hadi mtu wa mwisho afike, na kwamba bahashishi hugawanywa wote wakiwa wameketi, sababu kubwa ya kukimbia inakwisha siku hiyohiyo, bila shilingi moja kutumika. Tangu mwaka 2003 kumekuwa na mradi wa KPAP unaotetea hali za wapagazi na kuwaazima mavazi ya baridi bila malipo. Mazungumzo mengi yamehusu ujira, chakula na uzito wa mzigo wakati wa kuanza safari, na ni haki kabisa. Naomba siku ya mwisho ya safari iingizwe kwenye mazungumzo hayo kwa uzito uleule.

Kuna jambo gumu ambalo waongozaji mnalijua kuliko mimi. Ugonjwa wa mwinuko, hasa maji yanapojaa kwenye mapafu au ubongo unapovimba, tiba yake kubwa ni kushuka, na kushuka mara moja. Dawa na oksijeni husaidia, lakini haziwezi kuchukua nafasi ya kushuka. Hapo mtu anayeyumba na kuchanganyikiwa ndiye anayetakiwa kuteremshwa usiku, njia ileile inayowaangusha walio wazima. Msimwache atembee mwenyewe kwa kuwa tu bado anaweza kusimama. Anayeyumba ashikwe na watu wawili, mmoja akitangulia chini yake, au awekwe kwenye machela mapema kabla hajaanguka na kuongeza jeraha juu ya ugonjwa. Machela zile za gurudumu moja zinahitaji watu wanaopokezana na waliozoea kuzishika. Timu isiyowahi kufanya zoezi la machela kabla ya safari itajifunza juu ya mwili wa mgonjwa.

Ajali za mawe zinavuma zaidi, kama ile ya Januari 2006 kwenye njia ya Western Breach iliyoua wapandaji watatu kutoka Marekani na kusababisha njia kufungwa kwa muda. Zinastahili tahadhari kubwa na kofia ngumu mahali pake. Lakini ni chache, na zisitufanye tusahau vifundo na magoti yanayoharibika kila wiki ya msimu.

Barabara ya Mweka haiishii langoni. Inashuka ikipita Chuo cha Wanyamapori hadi mjini, na kila mwaka mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi hupokea wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon, mbio zilizoanza mwaka 2003. Mnazijua: unapanda kuelekea Mweka, unageuza, halafu unateremka hadi uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Mkimbiaji wa kilomita 42 anakutana na mlima huo katika nusu ya pili ya mbio, jua likiwa limechomoza vizuri. Akigeuza, anajiachia ili afidie dakika alizopoteza. Wanaokuja kwangu wiki inayofuata wanaumwa sehemu ya mbele ya paja, upande wa nje wa goti, na mfupa wa muundi. Wengi walifanya mazoezi ya kupanda pekee. Mwaka ujao, wenzangu wa vilabu vya mbio, wapeni vijana wenu mazoezi ya kuteremka kwa hatua fupi, kidogokidogo, miezi miwili kabla.

Sasa nije kwenye jeraha linaloua. Mlimani tunavunja vifundo. Barabarani tunavunja vichwa. Wodi za mji huu, kuanzia hospitali ya Mawenzi hadi KCMC, zinawajua madereva na abiria wa pikipiki kwa wingi unaotia uchungu, na wengi wao ni vijana wanaotegemewa na nyumba nzima. Ninyi wenyewe mmeniambia utaratibu wa kutoka Kibosho, Uru, Machame au Marangu: ukishaanza mteremko unazima injini au unaweka huru, pikipiki inashuka bure, na mafuta yanabaki. Nauelewa ugumu wa maisha unaomfanya mtu ahesabu mafuta kwa vizibo. Lakini pikipiki isiyo kwenye gia imepoteza msaada mkubwa wa breki, yaani injini. Mzigo wote unabaki kwa breki za magurudumu. Zinashika moto, zinapungua nguvu, na dereva anagundua hilo kwenye kona, akiwa na abiria wawili wa mishikaki na mkungu wa ndizi nyuma. Usiku, injini ikiwa imezimwa, watembea kwa miguu hawamsikii anapokuja. Gia ya pili au ya tatu, injini ikiwaka, breki zote mbili kwa kugusagusa: hiyo ndiyo njia ya kushuka, na gharama yake ya mafuta ni ndogo mno ukilinganisha na siku moja ya kulazwa.

Kofia ngumu ya dereva ivaliwe, na mkanda wake ufungwe chini ya kidevu. Kofia isiyofungwa hutoka kichwani kabla kichwa hakijafika chini. Abiria naye ana kichwa. Siku hizi ninaona dereva amevaa na mama aliyembeba mtoto mgongoni hana kitu.

Desemba inayakusanya yote haya. Wachagga wanarudi nyumbani, barabara za vijijini zinajaa magari yanayoendeshwa na watu waliozoea tambarare za Dar es Salaam, na sherehe zinaendelea hadi usiku. Wakati huohuo msimu wa wageni wa mlima umepamba moto. Kama kuna mwezi wa kuweka watoa huduma ya kwanza kwenye vijiwe, ni huo.

Nje ya njia za mlima na barabara, maporomoko ya Materuni na chemchemi ya Chemka yana hatari zake: mawe yenye ukungu wa kijani, na watu wasiojua kuogelea wanaoingia kwenye kina. Hapo dawa ni kamba, boya na mtu wa kusimamia. Wapo pia wanaoanguka kutoka kwenye miparachichi na migrevilea ya vihambani wakikata majani ya ng'ombe. Uti wa mgongo ukiumia hapo, majirani humwinua mgonjwa kwa mikono na miguu na kumpakia pikipiki. Msimwinue hivyo. Alazwe juu ya mlango au ubao, kichwa na shingo vishikwe visitikisike, na watu wanne wainue kwa hesabu moja.

Baada ya kuumia, mambo mawili huharibu jeraha lililokuwa jepesi. La kwanza ni kuchelewa. Goti limevimba, mtu anapelekwa kwa mwunga mifupa, anakandwa kwa nguvu, na mwezi wa tatu ndipo analetwa akiwa hawezi kulikunja. La pili ni kuachwa peke yake. Mgumu ni mfanyakazi, hata kama ameajiriwa kwa safari moja ya siku sita. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda Mfuko wa WCF ili anayeumia kazini atibiwe na kufidiwa, na michango ni wajibu wa mwajiri. Muulizeni mwajiri, kabla hamjapanda gari, kama mmeandikishwa. Kwa ajali ya barabarani, chukueni fomu ya polisi ya PF3 na namba ya gari au pikipiki mapema, maana bila hizo madai ya bima ya lazima husumbua sana. Matibabu ya dharura yaanze kwanza, fomu ifuate.

Ninaomba jambo moja litoke kwenye semina hii likiwa azimio. Kampuni, vituo vya afya na vijiwe vingi vina daftari la matukio, na ndani yake tunaandika jina, tarehe na kiungo kilichoumia. Tuongeze safu tatu: saa ya tukio, muda ambao mtu alikuwa kazini au njiani bila kulala, na kama alikuwa anapanda au anashuka. Tuanze msimu huu wa Juni, kwa kalamu na rula. Nimekuja na nakala za ukurasa mmoja wa mfano; ziko mezani karibu na mlango, na ofisi yangu iko tayari kuyakusanya madaftari hayo mwishoni mwa Oktoba na kuwaletea matokeo hapahapa.