Risasi katika Rangi Kongwe za Nyumba: Hatari kwa Watoto wa Kitengela na Kajiado



Sina haja ya kurefusha yale ambayo hadhara hii inayajua. Risasi ni madini ya sumu yasiyo na faida yoyote mwilini. Mtoto mdogo huifyonza mara nne au tano zaidi ya mtu mzima. Risasi huudhuru ubongo kwa madhara yasiyoondoka. Na Shirika la Afya Duniani limekwisha kubainisha kwamba hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Petroli yenye risasi tuliiaga mwaka 2006, na mwaka 2018 nchi yetu ikaweka kikomo cha sehemu 90 kwa milioni katika rangi. Kisa cha Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi, hata Mahakama ya Juu ikarejesha fidia yao ya shilingi bilioni 1.3 mwezi wa Desemba 2024, nacho si kigeni kwenu.

Jambo ninaloomba tulizingatie ni ukwanguaji mkavu wa rangi kongwe. Kikomo cha 2018 kinahusu rangi inayouzwa dukani. Hakikuigusa ile iliyokauka zamani juu ya milango, malango na madirisha ya chuma, na aghalabu rangi ya mafuta, hasa ya manjano na nyekundu, ndiyo iliyotiwa risasi kwa wingi. Maadamu rangi hiyo imetulia chini ya nyingine, hatari yake ni ndogo; balaa huanza mpangaji anapohama, mwenye nyumba akamwita fundi, na fundi, kwa kuwa hulipwa kwa kazi wala si kwa siku, akashika msasa mkavu akakwangua mlango hadi chuma kikaonekana, ilhali vyumba vya jirani vina watu. Vumbi huanguka kizingitini, upepo ukalipeleka kwenye kamba ya nguo na karai la maji, na mtoto anayetambaa, ambaye kila akishikacho hukitia kinywani, akalila anaponyonya vidole vyake. Aghalabu hapatwi na homa wala hatapiki. Madhara huja kudhihirika miaka kadhaa baadaye, darasani, anaposhindwa kutulia na kushika masomo, naye akaitwa mvivu.

Haya tumeyasema katika vikao vingi, na kila mara jibu limekuwa kwamba yanahitaji mashauriano zaidi. Simlaumu yeyote, kwani kila idara ina mipaka yake ya kisheria. Lakini Kifungu cha 42 cha Katiba kimempa kila mtu haki ya mazingira safi, wala hakikumtoa mtoto wa nyumba ya kupanga. Nasema wazi kwamba subira yetu imekuwa taksiri.

Kwa hiyo napendekeza:

1. Kukwangua rangi kongwe kwa msasa mkavu kupigwe marufuku. Rangi ilowanishwe kwanza.
2. Watoto na wajawazito waondolewe mahali pa kazi hadi usafi ukamilike.
3. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisifagiliwe. Mabaki yafungwe, yasichomwe.
4. Mafundi rangi wafundishwe, na wenye nyumba wawalipe kwa muda ambao kazi salama huhitaji.
5. Rangi ya shule za chekechea na nyumba za zamani ipimwe kabla ya ukarabati.
6. Watoto walio hatarini wapimwe damu, na anayefikia mikrogramu 5 kwa desilita atafutiwe chanzo cha sumu, nacho kiondolewe.
7. Maduka yakaguliwe, ili kikomo cha 2018 kisibaki karatasini.
8. Idara moja ipewe dhamana ya jambo hili, ijulikane kwa jina.
9. Narudia la kwanza: msasa mkavu ukomeshwe.

Hakuna dawa itakayomrudishia mtoto akili iliyokwisha kuharibiwa na risasi. Kinga ndiyo njia tuliyo nayo, na gharama ya kuianza ni ndoo ya maji. Nawasihi tusiondoke hapa kabla ya pendekezo la kwanza kupitishwa.