Nyumba ya Usher Ikitazamwa Kutoka Kilifi



Mwaka 1839 mwandishi wa Marekani, Edgar Allan Poe, alichapisha hadithi fupi ya kutisha iitwayo "The Fall of the House of Usher". Mwanamume asiyetajwa jina anapokea barua ya rafiki yake wa utotoni, Roderick Usher, inayomsihi aje upesi. Anafika kwenye jumba kuukuu kando ya maji meusi yaliyotuama, na ukutani anaona ufa mwembamba unaoteremka kutoka paani hadi majini. Roderick anaumwa, mwanga unamuumiza, na karibu kila sauti inamtia hofu. Pacha wake, Madeline, anafariki, au anadhaniwa amefariki, na wanaume hao wawili wanamweka ndani ya chumba cha chini. Usiku wa dhoruba Madeline anatokea mlangoni, sanda imelowa damu, anamwangukia kaka yake, na wote wawili wanakata roho. Mgeni anakimbia. Nyuma yake jumba linapasuka katikati na kumezwa na maji.

Mwaka 2008 mwelekezi wa Marekani David DeCoteau aliitengenezea hadithi hiyo filamu, na ndani yake Roderick na mgeni wake waliwahi kuwa wapenzi. Mashabiki wakatofautiana. Wako walioona kwamba marehemu Poe amevunjiwa heshima. Wako waliosema kwamba hatimaye jambo lililokuwa limejificha ndani ya hadithi limetamkwa. Na wako waliokuwa radhi kabisa kuwaona wapenzi hao wawili, ila wakaiona filamu yenyewe kuwa dhaifu. Hawa wa mwisho nawaheshimu sana.

Hoja ya kundi la kwanza ndiyo husikika kwa sauti kubwa, kwetu pia: asili imeharibiwa. Anayekipenda kitabu ana haki ya kukilinda, kwa hiyo tusimcheke. Tumfuate tu hadi hoja yake inapofika. Mwaka 1928 Jean Epstein wa Ufaransa aliitoa hadithi hii kwenye sinema isiyo na sauti, akamfanya Madeline kuwa mke wa Roderick. Dada akawa mke! Mwaka 1960 Roger Corman wa Marekani akaitoa tena, Vincent Price akiigiza kama Roderick. Mgeni wa Corman ana jina, Philip, na ni mchumba wa Madeline. Amekuja kumfuata mwanamke. Sasa tafuteni uchumba huo kwa Poe kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, haumo. Corman aliuondoa urafiki wa wanaume wawili, yaani jambo linaloianzisha hadithi nzima, na mahali pake akaweka posa. Filamu ya Epstein inafundishwa hadi leo, na ile ya Corman iliingizwa mwaka 2005 katika orodha ya filamu ambazo taifa la Marekani limeamua kuzihifadhi.

Waelekezi wote watatu waligusa kiungo kimoja: nani ni nani kwa nani ndani ya jumba lile. Wawili waliongeza ndoa na uchumba, wakasifiwa kwa ubunifu. Wa tatu aliongeza mapenzi ya wanaume wawili, akashtakiwa kwa kuharibu. Mtu anayemlaumu DeCoteau kwa sababu ya kubadilisha, na amlaumu Corman kwa uzito ule ule. Asipoweza, basi kinachomkera hakihusiani na uaminifu kwa Poe, na ingefaa akitaje kwa jina lake ili tuzungumze juu ya hicho.

Kwa upande wangu, nina lawama juu ya kuutamka uhusiano ule waziwazi. Hofu ya Poe inatokana na yale asiyoyasema. Hatuambiwi ugonjwa wa Roderick ni upi. Tunajua tu kwamba wanaume hao wawili wanasoma na kuchora pamoja, Roderick akipiga muziki, siku baada ya siku, katika nyumba ambamo mwanamke anapita kwa mbali kama kivuli. Msomaji anayehisi mapenzi hapo hajayabuni, na asiyeyahisi pia hajakosea. Filamu ikishachagua jibu moja, inafunga dirisha ambalo Poe aliliacha wazi. Lakini Corman naye alilifunga, tena kwa komeo kubwa zaidi.

Huenda mtu akauliza haya yanatuhusu nini sisi wa pwani. Nendeni Gede. Mji ule wa mawe, uliohamwa kufikia karne ya 17, una misikiti, makaburi na jumba la mfalme katikati ya msitu. James Kirkman, aliyeanza kuuchimba mwaka 1948, aliandika kwamba alipokuwa mgeni pale alihisi kuna kitu kinamtazama kutoka nyuma ya kuta. Watu wa vijiji vya jirani walikuwa na habari za wenyeji wasioonekana wa Gede kabla ya Kirkman kufika na majembe yake, na kila kijiji kina namna yake ya kuzisimulia. Ukielekea kaskazini hadi Kipini utaambiwa habari za shujaa Fumo Liyongo, naye hasimuliwi vivyo hivyo kwa Waswahili na kwa Wapokomo. Watu hubishana kuhusu Liyongo alikuwa wa nani, usiku kucha wakati mwingine, na kesho yake huendelea kusalimiana. Pwani hii inajua kugombania hadithi. Hatukuhitaji kufundishwa na mashabiki wa Marekani.

Tulichonyimwa ni nafasi ya kuyafanya hayo kwa filamu yetu wenyewe.

Monica Arac de Nyeko wa Uganda aliandika hadithi fupi, "Jambula Tree", iliyomletea Tuzo ya Caine mwaka 2007. Ni hadithi ya Anyango na Sanyu, wasichana wawili wa mtaa wa Nakawa, Kampala, waliopendana na kukutwa na jirani chini ya mti wa zambarau. Wanuri Kahiu wa Kenya aliihamishia Nairobi, akawaita Kena na Ziki, akawapa baba wanaowania kiti kimoja cha kisiasa, na filamu akaiita "Rafiki". Aprili 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu Nchini iliipiga marufuku. Mwezi uliofuata ilionyeshwa Cannes, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa rasmi kwenye tamasha hilo. Septemba, Jaji Wilfrida Okwany aliiruhusu kwa siku 7, kwa watu wazima waliotaka kuitazama, na kumbi za Nairobi zikajaa. Siku hizo zilipokwisha marufuku ikarudi, na Aprili 2020 Mahakama Kuu ikaiunga mkono.

Kwa hiyo nchi nzima ilikuwa na msimamo juu ya filamu ambayo wananchi wengi hawakuiona. Shekhe aliitaja, mchungaji aliitaja, mwanaharakati aliitaja. Swali ambalo shabiki yeyote wa Poe huanza nalo, yaani je, hii imekitendea haki kitabu, halikupata mtu wa kuliuliza.

Mahali ambapo watu hawaruhusiwi kuitazama hadithi, uvumi huchukua nafasi yake. Hilo kaunti hii inalijua. Februari 2010 ilienea habari Mtwapa kwamba wanaume wawili wanafunga ndoa. Ndoa hiyo haikuwapo. Hata hivyo umati ulikusanyika, ukazingira kituo cha afya cha taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, ambacho kilikuwa kikiwahudumia watu kuhusu Ukimwi, na watu wakapigwa kwa kudhaniwa tu. Katika maktaba yetu tuna hadithi nyingi za kutisha, na mimi nimezisoma kwa mapenzi tangu ujana, lakini sijui zimwi hata moja ndani yake linalonitia hofu kama kundi lile la watu wa kawaida, mchana kweupe, waliotoka nyumbani wakiamini harusi ya kubuni. Kuna waliokuwapo siku ile ambao bado wanaishi miongoni mwetu, waliopiga na waliopigwa.

Kahiu ameweka umati wa namna hiyo ndani ya "Rafiki": Kena na Ziki wanavamiwa na kupigwa. Hapo kuna mjadala wa kweli kwa wapenzi wa Arac de Nyeko, kwa sababu katika hadithi yake adhabu hutolewa kimyakimya zaidi, kwa macho na midomo ya majirani. Mimi naona mwandishi alikuwa na hekima zaidi kuhusu jinsi mtaa unavyoua, na kwamba siasa za wale baba wawili zinaipunguzia filamu nafasi ambayo ingewafaa wasichana. Mwanafunzi anayesema kinyume, kwamba baada ya Mtwapa hatuwezi tena kuusimulia ukatili huu kwa midomo ya majirani pekee, ana hoja ambayo sijaweza kuiangusha.

Lakini kuhusu mwisho wa filamu sina shaka. Kahiu ameeleza kwamba bodi ilimtaka aubadilishe kwa sababu ulikuwa na matumaini mno: Ziki, aliyepelekwa London, anarudi, na Kena anahisi mkono begani. Fungueni "Jambula Tree" mwangalie inavyoanza. Inaanza kwa Anyango kusikia kutoka kwa jirani yule yule aliyewafichua kwamba Sanyu anarudi nyumbani kutoka London. Hadithi nzima ni sauti ya mtu anayemsubiri mwenziwe. Matumaini ambayo bodi ilitaka yakatwe yamo kwenye sentensi ya kwanza ya Arac de Nyeko, na kama Kahiu angetii, hapo ndipo wapenzi wa kitabu wangekuwa na haki ya kulalamika kwamba asili imeharibiwa.