Kwa Nini Mtoto Asiyeumwa Apimwe Damu?



Mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mwanangu haumwi. Damu yake ya nini?" Swali zuri sana.

Iko homa iitwayo dengue. Wengine huiita kidingapopo. Huletwa na kirusi, siyo vijidudu vya malaria. Mbu wake huuma mchana. Mwaka 2014 na 2019 iliwasumbua sana watu wa Dar es Salaam. Je, huku kwetu Mbulu na Hanang ipo kiasi gani?

Kuhesabu wagonjwa wa zahanati tu hakutoshi. Ukihesabu ng'ombe waliopelekwa kwa bwana mifugo, umehesabu wote waliougua? Hata kidogo! Watu wengi wakipata kidingapopo hawaoni dalili yoyote. Wengine hudhani ni malaria. Lakini mwili huweka askari wa kupigana nayo, waitwao kingamwili. Mtu akipona, askari hao hubaki katika damu miaka mingi. Ndiyo maana hupimwa hata wasioumwa.

Na kwa nini watoto na vijana? Mzee aliyewahi kuishi Dar es Salaam huenda aliipata huko. Lakini mtoto wa miaka sita, hajatoka kijijini, akikutwa na askari hao? Basi yaelekea mbu wa hapa hapa ndiye aliyemwuma.

Damu ichukuliwayo ni kidogo tu. Haiuzwi, jamani! Mzazi ana haki ya kuuliza, kukubali au kukataa.

Na mtoto akiwa na homa, mpeleke zahanati. Usimpe aspirini. Kama ni kidingapopo, aspirini yaweza kumfanya atoke damu.