Moto Kwanza, Sufuria Baadaye

Mazungumzo ya Kamati ya Jamii, kikundi cha nishati na mazingira, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, kambi ya Dzaleka, Malawi



Kila mwaka katika siku kama hii tunazungumza juu ya amani, shule, na njia ya kurudi nyumbani. Mwaka huu tumeomba nafasi tuzungumze juu ya moto wa kupikia. Wengine watasema hilo ni jambo dogo la jikoni. Sisi tunasema ni jambo la chakula, afya, usalama wa akina mama, na amani kati yetu na wenyeji wetu.

Tangu tarehe 20 Juni ilipoanza kuadhimishwa duniani kote mwaka 2001, tumesikia orodha ya vitu anavyopewa mkimbizi anapofika: blanketi, mkeka, dumu la maji, turubai, chandarua, sabuni, sufuria na vijiko. Tunashukuru kwa vyote hivyo. Lakini tazameni vizuri orodha hiyo, ndugu zetu. Sufuria imo, moto haumo. Mama anapewa maharage na unga, anapewa na chombo cha kupikia, halafu anaachiwa atafute mwenyewe kitu cha kuwasha. Maharage mabichi hayaliwi. Kwa hiyo usiku ule ule wa kwanza atauza sehemu ya posho yake anunue makala, au ataingia porini asikokujua.

Swali letu leo ni hili: katika kifurushi cha dharura, kile anachopewa aliyefika jana, au familia iliyobomolewa nyumba na mvua, tutie moto gani?

TULIYOYAONA HUKO TULIKOTOKA

Mwezi Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu walivuka kutoka Rwanda kuingia Goma kwa siku chache tu. Watu wale walihitaji kupika, na msitu uliokuwa karibu ulikuwa ule wa Hifadhi ya Virunga. Miti ilikatwa kila siku. Mwaka huo huo 1994 UNESCO iliiweka Virunga katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Waliokata hawakuwa maadui wa msitu, walikuwa wazazi wenye watoto wenye njaa. Kama moto ungekuwamo katika msaada wa siku ya kwanza, miti mingi ingebaki imesimama.

Hapa Dzaleka nako hatuna haja ya kusimuliwa. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ikakusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo tumezidi mara kadhaa idadi hiyo. Mlima usio na mti mnauona wenyewe. Mwenyeji wetu Mmalawi naye anapika kwa kuni zile zile, na makala yale yale. Hata neno lenyewe, makala, sisi wa Kongo na wao wa Kichewa tunalitumia sawa. Mti mmoja ukigombewa na watu wawili, ujirani hauwezi kudumu.

JINSI YA KUCHAGUA

Watu wengi huanza kwa kuchagua jiko. Huletewa jiko zuri la kung'aa, hupigwa picha, na baada ya mwezi mmoja jiko lile limegeuka kuwa kiti cha kuku, kwa sababu kinacholiwasha hakipatikani. Sisi tunashauri kuanza na kinachowaka, kisha ndipo litafutwe jiko lake. Tuulize maswali manne. Je, mama aweza kukibeba pamoja na mtoto? Je, kitawaka siku ya mvua? Je, hakitaua mtu ndani ya hema? Na je, kikiisha, kitapatikana tena hapa hapa?

Kwanza, kuni. Hazihitaji kufundishwa, na kila sufuria inazikubali. Lakini mafiga matatu hupoteza joto jingi mno. Katika kila sehemu 100 za joto la kuni, zinazoingia katika sufuria ni kama 10 hadi 15 tu. Siku ya mvua ndiyo siku ya dharura, na ndiyo siku ambayo kuni hazifai. Mwezi Machi 2023, kimbunga Freddy kilipoipiga kusini ya Malawi, watu zaidi ya 600 walikufa na mamia ya maelfu wakakosa makazi. Waliookoka wakalala mashuleni. Mti uliolala katika maji hauwashi jiko. Tena kuni ndizo zinazomtuma mama na binti mbali. Huko Dadaab, nchini Kenya, kuanzia mwaka 1998 mashirika yalijaribu kugawa kuni kwa sababu wanawake walikuwa wakishambuliwa porini. Hatari ilipungua njiani, lakini haikuisha, maana kuni zilizogawiwa hazikutosha mahitaji yote.

Pili, makala. Ni mepesi kuliko kuni, hayana moshi mwingi, na jiko lenye udongo ndani, kama lile lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, linapunguza matumizi sana. Lakini sikilizeni kwa makini, akina mama na akina baba: makala huua ndani ya nyumba iliyofungwa. Yanatoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo hushika damu kuliko hewa tunayovuta, mtu akaumwa kichwa, akalegea, akalala, asiamke. Usiku wa baridi ya Juni, kama huu tulio nao, usiingize mbabula ndani ya hema ili watoto waote moto. Hata kama makala yamekuwa mekundu na hayana moshi, sumu bado ipo. Zaidi ya hayo, sheria ya misitu ya Malawi hairuhusu kuchoma wala kuuza makala bila leseni. Hatuwezi kuomba kifurushi cha msaada kijengwe juu ya mali ya magendo.

Tatu, mafuta ya taa. Yana joto kali, yanabebeka, na wengi wetu tumekua nayo. Wakimbizi wa Bhutan waliokuwa Nepal waligawiwa mafuta ya taa tangu miaka ya 1990. Bei ya mafuta duniani ilipopanda, katikati ya miaka ya 2000, mgao ule ulikoma, wakapewa makaa ya kushindiliwa badala yake. Hilo ni somo la kwanza: bei ikiamuliwa mbali, chungu chako nacho kinaamuliwa mbali. Somo la pili ni la watoto. Mafuta ya taa yakitiwa katika chupa ya soda, mtoto hunywa akidhani ni soda. Likitokea hilo, msimtapishe, maana mafuta yataingia mapafuni, mkimbizeni zahanati. Somo la tatu ni la wachuuzi: mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli hulipuka. Na yakimwagika yakawaka, msimwagie maji. Mafuta huelea juu ya maji na moto husambaa pamoja nayo. Tumieni mchanga au blanketi lililoloweshwa.

Nne, gesi ya mtungi. Kwa upishi wa kila siku hakuna moto safi kuupita. Kilo moja ya gesi katika jiko zuri huingiza katika sufuria joto linalokaribia la kilo kumi za kuni kwenye mafiga. Huko Cox's Bazar, Bangladesh, tangu mwaka 2018 familia za Warohingya zimekuwa zikigawiwa gesi, na ukataji wa miti ukapungua sana. Lakini gesi ni mtoto wa barabara. Inahitaji gari, ghala, mtu wa kukagua mpira na vali, na mahali pa kujaza. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini kama maji na kungoja cheche. Nyumba zetu zimebanana. Mwezi Machi 2021 moto ulipita katika kambi ya Kutupalong huko huko Bangladesh, ukaua watu wasiopungua 15 na kuwaacha wengine maelfu kwa maelfu bila paa. Mitungi haikuwa lazima iwe chanzo, lakini mahali palipobanana hivyo kila chenye kuwaka kinahitaji nidhamu. Wale wanaoleta vile vikopo vidogo vya gesi vya watalii, tunawashukuru kwa nia njema. Ila kopo likiisha halijazwi, na jingine haliuzwi hapa.

Tano, spiriti itokanayo na miwa. Hapa tunaomba mtulie kidogo. Malawi hutengeneza spiriti kwa molasi, yaani masalia ya sukari. Kiwanda cha Dwangwa kimefanya kazi hiyo tangu mwaka 1982, na sehemu ya spiriti hiyo huchanganywa na petroli ya magari. Basi hii ni nishati ya nchi inayotukaribisha, haingoji meli. Katika kambi ya Kebribeyah, Ethiopia, wakimbizi wa Kisomali walianza kupikia majiko ya spiriti miaka ya 2000. Majiko yale yana kopo lenye nyuzi ndani zinazofyonza spiriti, hata jiko likipinduka haimwagiki hovyo.

Tuipime kwa maswali yetu manne. Kubebeka: lita saba hazifiki kilo sita, na kwa jiko zuri joto lake katika sufuria ni kama la kuni kilo 30 hivi kwenye mafiga. Mvua: dumu likifungwa vizuri, mvua haina neno nayo. Usalama: ikiwaka ovyo, maji yanaizima, kwa kuwa huchanganyika nayo. Kupatikana: ipo nchini.

Tusifiche na ubaya wake. Mwali wake hauonekani vizuri mchana, basi msiongeze spiriti jiko likiwa bado la moto, hata mkidhani limezimika. Ni polepole kuliko gesi. Wapo watakaotaka kuinywa; spiriti ya jiko hutiwa sumu makusudi na huweza kupofusha na kuua, kwa hiyo iwe na rangi, iwe na uchungu, na vijana waelezwe waziwazi. Hata kwa spiriti, mlango wa hema uwe wazi wakati wa kupika.

TUNALOLIPENDEKEZA

Ndugu Mwenyekiti, baada ya kujadiliana, na majadiliano yalikuwa makali, tumekubaliana hivi.

Kwanza, kila kifurushi cha dharura kiwe na moto wa siku saba: jiko moja la spiriti na lita saba, yaani lita moja kwa siku, ambayo huwaka karibu saa nne. Siku saba zinamtosha mgeni kujua kambi, soko na majirani, asilazimike kuuza unga wake siku ya kwanza.

Pili, baada ya siku hizo, familia ipewe nafasi ya kuchagua njia ya kudumu: gesi kwa wanaoweza kujaza, au jiko la udongo lenye kubana kuni kwa wasioweza. Mashirika yasilete jiko la aina yoyote kabla ya kutuonyesha kitakachowaka ndani yake kitanunuliwa wapi na kwa bei gani mwezi wa sita.

Tatu, akina mama wawepo mezani jiko linapochaguliwa. Anayesonga bugali kwa nguvu ndiye anayejua kama jiko litasimama au litapinduka. Anayepika sombe kwa saa mbili ndiye anayejua kama lita moja inatosha.

Nne, sisi wenyewe tufanye lililo mikononi mwetu pasipo kungoja mgao. Tuloweke maharage usiku kucha. Tufunike sufuria. Tukaushe kuni chini ya paa kabla ya masika. Majirani wawili wapike kwa zamu katika moto mmoja. Na kila mtaa uweke ndoo za mchanga zinazojulikana zilipo.

Wapo wenzetu waliosema katika kikao: kwa nini tujisumbue na kifurushi cha wageni, sisi tuliokaa hapa miaka 10 na 20? Jibu letu ni kwamba kuni anazokata mgeni leo ni zile zile ambazo mtoto wako atazikosa kesho. Na mvua kubwa haiulizi nani alitangulia kufika. Kifurushi hicho chaweza kuwa chako kabla mwaka haujaisha.

Kwa wageni wetu wa mashirika tunasema kwa heshima: bajeti ikiwa ndogo, afadhali sufuria moja yenye moto kuliko sufuria mbili baridi. Kwa ndugu zetu tunasema: haya yatafika mezani katika mkutano ujao wa wenyeviti wa mitaa. Njooni mseme, hasa ninyi mnaopinga.