Kibali Hakijengi Mnara

Msikilizaji, mwaka 1986 Marekani ilipitisha sheria ya kuruhusu kujengwa jijini Washington kumbukumbu ya wazalendo Weusi waliopigania uhuru wa nchi hiyo. Muda wa kibali uliongezwa mara kadhaa, ukamalizika mwaka 2005 pasi na ujenzi. Mwaka 2013 kikatolewa kibali kingine. Kikwazo kikubwa kilikuwa fedha: sheria ilitoa ruhusa, gharama wakaachiwa wachangiaji.

Sisi Unguja tumejenga. Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa kwa mkataba wa Juni 1873 zama za Sayyid Barghash, sanamu tano za watumwa, kazi ya msanii Clara Sörnäs, zimesimama shimoni tangu 1998, minyororo shingoni. Michenzani upo mnara wa Mapinduzi ya Januari 1964. Kule Mangapwani lipo handaki walimofichwa watumwa biashara ilipoendelea kwa siri baada ya soko kufungwa.

Hata hivyo, kujenga ni nusu ya kazi. Chumvi ya bahari na mvua za masika hazisubiri bajeti, na historia isiyosimuliwa kwa watoto hugeuka kuwa kivutio cha watalii tu.

Basi Wawakilishi wetu watakapokaa kwenye Baraza lao Chukwani kujadili bajeti, watenge fungu mahsusi la matunzo ya maeneo haya, na la kuwapeleka wanafunzi wa skuli za mjini na shamba wayaone bila malipo. Kumbukumbu ni ya wenyewe kwanza, wageni baadaye.