Upepo Mwanana wa Kusini



Nahodha wa jahazi anayevuka kutoka Bagamoyo kwenda Unguja hatweki tanga kwa sababu tu abiria wamekwisha kuketi. Kwanza huutazama mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana, hupwa sana, na mkondo huwa mkali. Kati ya vipindi hivyo huja maji mafu. Tena maji kujaa huchelewa kwa takribani dakika 50 kila siku. Hivyo saa ya jana haimfai leo. Akikosea, chombo hukaa mchangani. Kisha husikiliza utabiri wa hali ya hewa redioni, maana kusi likipambana na mkondo, mawimbi husimama wima.

Hata hivyo, jaribu kubwa hutoka kwa watu. Huyu anawahi maziko, yule harusi, na mwingine ana matenga ya matunda yanayooza. Wote husema, “Twende, Nahodha, mbona bahari shwari!”

Ndivyo ilivyokuwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 27. Pale Bandari Nzuri, katika kisiwa cha Krete, Mtume Paulo aliwaonya wasafiri juu ya hatari. Lakini Paulo alikuwa mfungwa tu. Akida akawasadiki zaidi nahodha na mwenye merikebu, na wengi wakataka kuondoka. Upepo wa kusini ukavuma polepole. Wakang'oa nanga kwa furaha. Muda si mrefu dhoruba ikawashukia. Watu wote 276 waliokoka kwa huruma ya Mungu, bali merikebu na shehena vilipotea.

Wapendwa, watu hao hawakukosa onyo, walikosa usikivu. Nasi je? Katekista husukumwa na wazazi ampeleke mtoto kwenye Komunyo ya Kwanza kabla hajafundishwa, kwa kuwa nguo imekwisha kushonwa na wageni wamealikwa. Kusema “leo hatuondoki” si woga, wala si upungufu wa imani. Lakini anayengoja asilale: maji yakijaa, ang'oe nanga, kwani anayeahirisha daima naye hubaki matopeni.

Juma hili kila mmoja ajiulize: ni onyo gani ninalolidharau kwa kuwa aliyelitoa ni maskini, mtoto, au mfungwa?

Mwenyezi Mungu atujalie masikio ya kusikia, sasa na siku zote. Amina.