Mkimbizi katika Riwaya: Maoni ya Msomaji Mmoja

(Hotuba ya mwalimu katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya vitabu katika siku hii ya tarehe 20 Juni. Najua wako watakaouliza: vitabu vya nini, na watu wanangoja unga na mafuta? Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba sisi tumekwisha kuandikwa mara nyingi. Tumeandikwa kwenye kadi, kwenye ripoti na kwenye orodha za mgao, na humo sisi ni hesabu ya watu wa nyumba moja. Riwaya nazo zinatuandika. Mimi huzisoma nikiwa na swali moja: mtu aliyekimbia, humo kitabuni, ana nini zaidi ya mateso yake? Nitataja riwaya nne, na nitasema ninavyoona bila kuogopa majina makubwa.

Ya kwanza ni Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Mwandishi huyu Mkenya alifariki Nairobi mwezi Aprili 2020. Kijana Kongowea Mswahili anatoka Tanga na kuvuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta baba yake, na mwishowe anampata. Nikiwasomea wanafunzi, hakuna anayesinzia, maana Kiswahili chake ni kitamu na kijana mwenyewe ni mwenye bidii. Lakini nina ugomvi nacho kidogo: bahati inamsaidia mno. Darasani kwangu wamo watoto walioandikishwa kwa Msalaba Mwekundu ili wazazi wao watafutwe, na jibu halijafika. Msichana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, na yule asiyempata?" Kitabu hakina neno kwa huyo. Hata hivyo sijaacha kukisoma, kwa sababu mtoto anayetafuta ana haki ya kusikia pia habari za aliyepata.

Ya pili ni Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 2014. Ni habari ya baa moja katika mji wa machimbo, wenye stesheni ya reli na watu waliofuata mali. Hapa Kasese, ambako reli ilifika mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, wazee wanajua jinsi madini yanavyokusanya watu. Lugha yake inakwenda kama muziki wa usiku kucha, na uroho anaousema ni wa kweli. Lakini nasema wazi kwamba nilikiweka chini mara mbili. Wasichana humo ni kama bidhaa ya sokoni, na sikuona jiko la mtu lenye moto. Kongo niliyotoka ina pia watu wanaopalilia mihogo, wanaosali, na walimu wanaofundisha miezi bila mshahara. Mgeni akisoma kitabu hicho peke yake, atashangaa kwamba jambo la kwanza tulilouliza tulipovuka mpaka lilikuwa shule ya watoto.

Ya tatu imeandikwa na Mganda, mama Goretti Kyomuhendo, mwaka 2007. Inaitwa Waiting, yaani Kungoja. Ni kijiji cha Hoima mwaka 1979, askari wa Idi Amin wanakimbia, na familia inalala kwenye migomba usiku kwa hofu. Msichana Alinda ndiye anayesimulia. Hakuna hotuba humo. Watu wanapika, wanabishana, wanangoja giza, na mama anajifungua katika hatari hiyo na kufa. Hiki ndicho nilichokimaliza kwa siku mbili. Kimenifanya niwatazame wenyeji wetu kwa jicho jingine. Hapa Bwera, Novemba 1996, waasi walishambulia Mpondwe, na wenyeji nao walihama nyumba zao. Ndugu zetu Wakonzo, tunaosikilizana nao kwa lugha na sisi Wanande, hawakujifunza habari ya kukimbia kutoka kwetu.

Ya nne ni By the Sea, yaani Kando ya Bahari, ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Kitabu hiki ni cha mwaka 2001. Mzee Saleh Omar anafika uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, kuomba hifadhi. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Ofisa anafungua mzigo wake na kumnyang'anya kijisanduku cha udi. Wengi wetu tuliowahi kukaa mbele ya meza ya mahojiano tutaelewa ukimya wake. Katikati kitabu kilinichosha kwa ugomvi mrefu wa nyumba na madeni. Baadaye nikaona kwamba ugomvi huo ndio ofisa asiouona. Mzee huyo alikuwa mfanyabiashara wa samani, mwenye wadeni na maadui, na yeye mwenyewe hana mikono safi kabisa. Mkimbizi si malaika, na haki yake ya kulindwa haitegemei awe malaika. Kwa sababu hiyo, kati ya vinne, hiki ndicho nakiamini kuliko vyote.

Sasa ombi langu. Ndugu wa mashirika, vitabu mnavyotuletea juu ya usafi, afya na amani tunavipokea kwa shukrani. Tuleteeni na riwaya pia, za Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, hata zile zisizofundisha unawaji wa mikono. Tunahitaji kabati moja lenye kufuli na daftari la kuazimia. Walimu tutasimamia kwa zamu.

Nanyi vijana, andikeni. Msiandike tu siku ya risasi, maana hiyo watu wa ripoti wanaijua. Andikeni duka la baba lilikuwa linauza nini, nani aligombana na nani bombani, na bibi alikuwa anacheka kwa sababu gani. Mambo hayo hayana nafasi kwenye kadi, na sisi tusipoyaandika, hakuna atakayetuandikia.